Mgonjwa Ni Mimi, Koti Langu Liko Kazini

Mama Rahmah mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote mnaokaa hapo redioni asubuhi mkisoma shida za watu. Leo naomba usaidie yangu, na naomba usinicheke, kwa sababu nimeibeba peke yangu mpaka imeanza kunishinda, na kubeba ndiyo kazi yangu, kwa hiyo ukisikia mpakiaji anasema mzigo umemshinda ujue si mchezo. Mimi naitwa Wangila, kwetu ni Bungoma kule Kenya, Kampala niliingia nikiwa kijana na sasa nina watoto wanaosoma, tunakaa Kyebando na bibi yangu Ajwang ambaye anauza samaki wa kukaanga pale senta, na mimi napakia na kupakua mizigo Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla katikati ya mji, sukari, sabuni, mchele, mafuta, chochote ambacho lori limeleta au basi la Juba linangoja.

Kwanza nikueleze tunavyofanya kazi, maana bila hilo hutanielewa. Sisi ni vibarua, hakuna mwenye duka aliyetuajiri, leo uko na kesho hakuna anayekuuliza. Lakini tuna chama chetu, na mwenyekiti ni Mzee Sebit, Mnubi wa Kisenyi, mtu asiye na maneno mengi. Kila mwanachama ana koti la buluu lenye namba mgongoni, na wenye maduka hawajui majina yetu, wanaita namba tu, wewe kumi na tisa njoo, wewe thelathini shika hapa. Mimi ni kumi na tisa. Koti hilo sikulipata kwa urahisi, nilingoja mpaka aliyekuwa nalo akazeeka akarudi kwao, na mtu asiye na koti pale Kikuubo anakaa kando anangoja siku ambayo mizigo imezidi watu.

Kila jioni tukilipwa, Mzee Sebit anakata kidogo kwa kila koti, anaweka kwenye mfuko wa wagonjwa, ile Waganda wanaita munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida. Mwanachama akiugua anapeleka koti lake kwa mwenyekiti, linatundikwa kwenye msumari ndani ya stoo yetu, na likiwa pale hakuna ruhusa mtu mwingine kulivaa. Wewe unapewa pesa ya matumizi kila wiki mpaka daktari aseme umepona, wenzako wanakuja kukuona na sukari kilo mbili na mche wa sabuni, halafu ukipata nguvu unashusha koti lako unaendelea na kazi. Ni mpango mzuri, sitadanganya. Shida yangu ni ule msumari.

Kulikuwa na rafiki yangu, Mjaluo mmoja anaitwa Obura. Alikohoa karibu mwaka mzima akisema ni vumbi la unga, na siku alipokubali kutundika koti hakukaa sana, akafa. Koti lake liliendelea kuning'inia pale mpaka tukamaliza matanga. Kabla yake kulikuwa na mzee mwingine, naye vilevile. Tangu hapo mtu akitaja kutundika koti, wapakiaji wengine wanasema wazi kwamba msumari ule una njaa. Mimi ni Mkristo, kanisani naenda, najua hayo ni maneno ya watu, lakini kila nikifikiria koti langu likining'inia pale lilipokuwa la Obura, hata kuingia stoo sitaki.

Sasa ugonjwa wenyewe, na hapa naona haya hata kuandika. Tulikuwa tunashusha sukari, nikainua gunia kama siku zote, nikasikia kitu kimeachia chini ya tumbo, kwenye kinena, na jioni nilipooga nikaona uvimbe, nikilala unarudi ndani, nikisimama unatoka tena. Nikaenda hospitali ya serikali, daktari akanishika pale akaniambia nikohoe, nikakohoa, akasema hii ni ngiri, inataka upasuaji, na kuanzia leo usiinue kitu kizito. Akanipa tarehe ya kurudi. Akaniambia pia, siku uvimbe huu ukikataa kurudi ndani, ukawa mgumu na kuuma, nawe ukaanza kutapika, usingoje kukuche, njoo mbio, kwa sababu hiyo inaua. Mama Rahmah, nilitoka pale nikasahau hata kofia yangu kwenye benchi.

Nyumbani nikasema ni mgongo. Ningesema nini? Oketch, mdogo wake Ajwang, anakaa na sisi, na kwetu huwezi kumtajia shemeji mahali kama pale, na Ajwang naye akijua jambo familia yao yote inajua kabla samaki hawajaiva. Kwa hiyo ni mgongo. Na kwa sababu niliogopa msumari, na niliogopa pia kwamba koti likitundikwa muda mrefu chama kitaona ni afadhali kumpa Muganda kuliko kumwekea Mkenya, nikamwita Oketch, wakati huo alikuwa anaosha pikipiki tu barabarani, nikamwambia, shemeji, vaa hili koti uniwekee nafasi, jioni tutagawana nusu kwa nusu. Si mimi wa kwanza, mtu akienda matanga siku moja huwa anamwazima ndugu yake koti na watu wanafumba macho. Lakini kuazima kwa ajili ya ugonjwa Mzee Sebit alishakataza mbele ya wote, akasema mgonjwa ni wa chama, na nilikuwepo nikisikia.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Oketch ana nguvu kama trekta, wenye maduka wakampenda, sasa wakiita kumi na tisa ni yeye wanayemtaka. Nusu yangu ikawa robo, robo ikawa anachojisikia, na mimi namwangalia tu maana nitamdai kwa mdomo gani na ninakula jasho lake. Ajwang anamwekea kipande kikubwa cha samaki kwa sababu eti ndiye anayetoka kazini, mimi napewa mkia. Maji anateka yeye Ajwang, jerikeni mbili mbili, mimi nimesimama mlangoni kama askari, majirani wanatazama. Usiku namgeuzia mgongo asije akagusa akajua, naye ameanza kuniuliza huyo mwanamke anaitwa nani. Mwanamke gani, Mama? Mimi hata kukohoa naogopa.

Kilichonimaliza kabisa ni sukari. Jioni moja Oketch aliingia na sukari kilo mbili na mche wa sabuni, akasema Mzee Sebit alimwita kando, akampa, akamwambia peleka nyumbani. Basi. Nilikaa pale kitandani nikaitazama. Mimi nimevaa lile koti miaka yote, Mzee yule hajawahi kunipa hata njiti ya kiberiti, na huyu ameingia juzi tayari ameanza kupewa zawadi. Nikajua nimekwisha, koti si langu tena. Sukari hiyo sijaionja. Mpaka leo nakunywa chai bila sukari, Ajwang akiuliza nasema daktari amekataza.

Sasa nimefungwa kila upande. Tarehe ya hospitali ilipita, sikwenda, kwa sababu nikipasuliwa kuna vitu vya kununua na kuna kukaa bila kazi muda mrefu, na pesa ya kula muda huo ingetoka kwenye mfuko wa wagonjwa, lakini nitaombaje mfuko na koti kumi na tisa halijakosa kazi hata siku moja? Kila jioni linakatwa mchango. Kwa hesabu za chama mimi ndiye mzima kuliko watu wote. Nikikiri kwamba naugua na yule ananishikia koti, nitafukuzwa na Oketch atafukuzwa, na mgeni akifukuzwa Kampala nani atamsemea. Nikinyamaza, naoza na kitu changu ndani ya suruali.

Na wiki hii, Mama, uvimbe ulikataa kurudi. Nililala sakafuni nikaweka miguu juu ya stuli, jasho linatoka, Ajwang anagonga mlango anauliza nimejifungia na nani, nikasali sala zote ninazojua, halafu polepole ukarudi. Sijamwambia mtu. Kuanzia siku hiyo hata usingizi sipati vizuri, naweka mkono pale naona kama unatoka. Basi nimeamua kununua mkanda mpana wa kiunoni, nijikaze vizuri, Jumatatu nirudi Kikuubo nichukue koti langu kabla halijanitoka kabisa, nibebe hata kidogo kidogo mpaka watu wanizoee tena, ndipo niseme nimeugua. Nilipomdokezea Oketch kwamba nataka kurudi akasema, shemeji wewe pumzika tu, mimi niko. Sijui kama ananihurumia au ananifukuza kwa heshima.

Je, nirudi na mkanda, au nimpokonye koti kwa nguvu, au nirudi zangu Bungoma nikafie kwa mama? Ukisoma redioni tafadhali jina langu usitaje.

Ni mimi mwenye koti, Kyebando.

*

Mwanangu, Wangila si jina lako, nimekupa mimi. Wenzako wote nimewabadilishia majina na hata namba ya koti nimeibadilisha, kwa hiyo wale wa Kikuubo mnaonisikiliza hivi sasa acheni kutazamana migongo. Pole sana. Maumivu yanachosha, na maumivu ya kuficha yanachosha zaidi. Nimeshakupa pole, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Tuanze na mkanda. Hununui. Nilimsomea barua yako muuguzi mmoja ninayemwamini, na nilipofika pale sakafuni na stuli aliniambia, Mama Rahmah, huyo mtu yuko wapi sasa hivi? Hilo ndilo jibu lake. Uvimbe uliokataa kurudi ukarudi, umekupa onyo, na hakuna aliyekuahidi onyo jingine. Ukijikaza mkanda ukainua gunia la sukari Jumatatu, tutakuja kuchangia jeneza, na Oketch ataendelea kuitwa kumi na tisa bila wasiwasi wowote. Daktari alikwambia usiinue kitu kizito. Wewe ukaogopa neno lake mpaka ukaacha kofia, halafu neno lenyewe ukaliacha palepale na kofia.

Jambo la pili ni hiyo haya yako. Unaniambia huwezi kumtajia shemeji mahali pale, sawa, hata kwetu Kisenyi tuna mipaka yetu na wakwe. Lakini Ajwang? Mmezaa watoto, mwanangu. Mahali hapo pana siri gani kwake? Mwanamke anateka maji jerikeni mbili mbili, anakaanga samaki mpaka macho yanawaka, usiku anageuziwa mgongo, na bado hajaondoka, anauliza tu jina la mwenzake. Unamtesa mtu ambaye ndiye angekushika mkono kukupeleka hospitali. Leo hii, watoto wakienda kucheza, mwite umwambie ni ngiri, na umwonyeshe. Atakasirika kwanza. Mwache akasirike, ni haki yake. Na kama familia nzima ya Ajwang itajua, wajue, huenda miongoni mwao kuna mjomba mwenye ngiri yake anayejificha kama wewe. Kwa Oketch yatosha kusema daktari anataka kunipasua tumboni. Kinena na tumbo ni majirani, hutakuwa umesema uongo.

Sasa Obura, Mungu amrehemu. Msumari haukumuua Obura. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba alikohoa karibu mwaka mzima akisingizia vumbi. Alitundika koti wakati yeye mwenyewe ameshakwisha. Mficha maradhi kilio humfichua, na nyinyi mlilia mkaona kosa ni la msumari. Nikuulize, wale waliotundika wakiwa na malaria, wakiwa wamevunjika mkono, wakapona, wakashusha koti wakarudi mzigoni, mbona hujaniandikia habari zao? Najua kwa nini. Mtu aliyepona hana matanga, kwa hiyo hasimuliwi. Naye Mzee Sebit nina neno kwake, kama sauti hii inamfikia. Mzee wangu, pigilia misumari mingi kwenye huo ukuta, hata koti la mtu mwenye mafua litundikwe, ili vijana wako wazoee kuona makoti yanapanda na kushuka.

Nije kwenye sukari. Hapo barua yako niliirudia, nikacheka, kisha nikahuzunika.

Wangila, ni nani anayepelekewa sukari kilo mbili na mche wa sabuni? Usiniangalie hivyo, nimesoma kwako. Umesema mwanachama akiugua, wenzake wanamwendea na sukari na sabuni. Sasa Oketch, mwenye nguvu kama trekta, anaumwa nini? Mzee anamwita kando, hamwambii hii ni yako kijana kwa kazi nzuri, anamwambia peleka nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kuna nani nyumbani?

Mzee Sebit anaongoza watu wanaotazamana migongo kutwa nzima. Wewe ulidhani Mbukusu wa makamo kama wewe atageuka kijana wa Kijaluo kama Oketch ndani ya koti lilelile na mwenyekiti asione? Mwenye duka haoni, kwake namba ni namba. Lakini wapakiaji? Wameona siku ya kwanza, kabla hata lori halijafunguliwa. Wangetaka kukufukuza wangekufukuza siku hiyohiyo. Wazee walionilea mimi walikuwa hivyo, hawamwendei mtu mlangoni kumwambia wewe ni mgonjwa na yeye hajasema. Wanatanguliza kitu, wanangoja akili ya mtu ifanye kazi. Moyo wa Mzee Sebit siujui, simjui mtu huyo, sitaapa kwa ajili yake. Lakini sukari ninaijua. Ulitembelewa, mwanangu. Chama kimekuja kukuona, na wewe ukanuna.

Halafu Oketch. Hapo nina ugomvi na nyote wawili. Wewe, umemvalisha kijana wa watu namba isiyo yake ukamtuma chini ya magunia. Katoni zikimwangukia leo, atakayeumia ni nani? Chama hakimjui, mfuko haumjui, mwenye duka atasema namba kumi na tisa alikuwa mzima jana. Ulikuwa na mtu mmoja asiye na msaada, ukaongeza wa pili. Na mchango unaokatwa kila jioni ni wa mgongo wake, unawekwa kwa jina lako, na wewe huuombi. Wallahi, sijawahi kuona watu wawili wakibeba mzigo mmoja na usisogee. Hebu mkumbuke pia kwamba kijana huyo anadhani una mgongo unaouma tu. Hajui kuna upasuaji. Amekwambia pumzika, mimi niko, na wewe umelichukua neno hilo ukaligeuza geuza kama sarafu bandia. Lichukue lilivyosemwa. Na wewe Oketch, kama unasikiliza huku unaosha miguu, mlikubaliana nusu. Robo si nusu, na anachojisikia mtu si kipimo. Leta nusu ya watu.

Basi sasa fanyeni hivi. Leo sema na Ajwang. Kesho asubuhi mwende wote wawili hospitali, uwaeleze ile siku ya sakafuni kama ulivyonieleza mimi, usipunguze, uombe tarehe mpya. Uvimbe ukigoma tena kabla ya tarehe hiyo, ukawa mgumu na kuuma, hata kama hujatapika, panda boda uende, usianze kusali sakafuni. Sala inasikika hata ukiwa kwenye boda.

Ukitoka hospitali, kabla ya hiyo Jumatatu yako, nenda kwa Mzee Sebit pamoja na Oketch, ukiwa na karatasi ya daktari. Usitume mtu. Usianze na hadithi ndefu ya Bungoma. Sema, mzee, nimekosa, niliogopa, mimi ndiye mgonjwa, huyu alikuwa ananishikia. Oketch avue koti pale, na wewe ulitundike kwa mkono wako mwenyewe, msumari uleule. Utatetemeka, na si vibaya. Watakugombeza, huenda watakutoza faini, waikate kwenye pesa yako ya wiki, kubali. Usidai pesa za siku zilizopita, hizo koti lilikuwa kazini. Omba kuanzia siku lilipotundikwa. Na umwombee Oketch apokelewe kama kibarua asiye na koti, aitwe mizigo ikizidi, kwa jina lake. Kwa nguvu zake hizo hatangoja sana.

Je, wakikataa? Inawezekana, siwezi kukuficha. Hata hivyo utakwenda kupasuliwa, hilo halingoji kikao cha mtu. Waambie watu wa kanisa lako na Wakenya wenzako wa Kyebando, wanaochanga kwa matanga wanaweza kuchanga kabla ya matanga, ni nafuu zaidi. Na mwende kwa afisa wa kazi, mkaulize kama huyo mwenye sukari uliyokuwa unamshushia siku ulipoumia hana wajibu wowote kwako. Kuuliza si kushtaki. Miaka yote umemjazia stoo, na hajui hata unaitwa nani. Hili silisemi kwa ajili yako peke yako. Kampala nzima inainuliwa asubuhi na watu wa namba, na namba ikiugua hakuna anayeisikia ikilia.

Umeniuliza kama urudi Bungoma ukafie kwa mama. Mama yako hakukuomba maiti. Ukienda kumwona, uende ukiwa umepona, umembebea zawadi nyepesi.

Na usiku, mkirudi kutoka kwa Mzee, koti likiwa limebaki ukutani, mwambie Ajwang ateleke chai, mkae wote watatu. Chai hiyo uitie sukari, uitie ya kutosha. Imekungoja wewe tangu ilipoingia nyumbani.

Mama Rahmah